Ujumbe wa Kakuma Usiosomeka: Kumbukumbu za Kikao cha Sita cha Kikundi cha Mashine ya Siri

KIKUNDI CHA MASHINE YA SIRI, LODWAR NA KAKUMA

TAREHE: Jumamosi, 14 Juni 2025
MAHALI: Chumba cha nyuma, duka la redio la Mwenyekiti, Lodwar mjini

WALIOHUDHURIA
Bw. Epuyo Ekal – Mwenyekiti, fundi wa redio
Bi. Akidor Ebei – Katibu
Bi. Nakiru Lomuria – Mwendeshaji wa mashine ya Lodwar
Bw. Lokiru Ekai – Mchongaji wa magurudumu
Bw. Lam Gatluak – Mjumbe mpya wa Kakuma, mfanyabiashara wa samaki wakavu

WASIOHUDHURIA KWA UDHURU
Bi. Nyaduoth – Mwendeshaji wa mashine ya Kakuma (hakupata kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi)
Bi. Sylviane – Fundi wa nyaya, Kakuma (alibaki na Bi. Nyaduoth ili ashike simu)

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilipangwa kuanza saa nne asubuhi. Kilianza saa tano na nusu, kwa sababu ufunguo wa chumba anao Mwenyekiti peke yake, na Mwenyekiti alikuwa hajamaliza kubishana na mteja kuhusu spika. Bi. Nakiru alifungua kwa sala.

Mwenyekiti alimsalimu Bw. Lam kwa "ejok" na kumshukuru kwa kupitia Lodwar kabla ya kwenda Lowarengak kufuata samaki wake. Alisema ajenda ni moja tu, nayo ni mashine ya Kakuma, na akaomba pasiwe na matusi kama kikao kilichopita. Bw. Lokiru aliuliza ni nani aliyetukana. Mwenyekiti aliendelea na ajenda.

Kwa kuwa Bw. Lam ni mgeni katika kazi hii, Mwenyekiti alimweleza kwamba kikundi kimeunda mashine mbili kwa kuiga ile ambayo Wajerumani waliitumia kuficha habari zao katika Vita vya Pili vya Dunia. Ukibonyeza herufi, umeme unapita kwenye nyaya zilizo ndani ya magurudumu matatu na taa ya herufi nyingine inawaka. Aliye upande wa pili, akiwa amepanga magurudumu yake sawasawa na yako, anabonyeza zile herufi za uongo na taa zinamwonyesha zile za kweli. Magurudumu yote yalichongwa na Bw. Lokiru kwa mti ule ule anaochongea vigoda. Bw. Lam alisema ameelewa. Katibu hana hakika.

KUMB. NA. 2/06/2025: YATOKANAYO NA VIKAO VILIVYOPITA

Katibu aliwakumbusha wajumbe kwamba mashine zote mbili zilipokuwa katika chumba hiki zilisomana bila shida. Baada ya mashine moja kupelekwa Kakuma mwezi wa Machi, kila Jumamosi Bi. Nyaduoth ametuma ujumbe kwa simu, herufi tano tano, na kila Jumamosi Lodwar imepata maneno yasiyo na maana.

Katibu alikumbusha pia azimio la kikao cha tatu. Mwenyekiti alikuwa amefundisha kwamba Wajerumani walijiponza wenyewe. Waendeshaji wao walianza kila ujumbe kwa salamu zile zile na hali ya hewa ile ile, adui akakaa akabahatisha mpaka akafungua mlango. Ndipo ikaazimiwa kwamba waendeshaji wetu wasitume "ejok", wala "Bwana asifiwe", wala habari za jua la Turkana, ambalo kila mtu analijua. Watume maneno ambayo mtu wa upande wa pili hawezi kuyajua kabla hayajafika.

Bi. Nakiru alisema Kakuma wametii kupita kiasi. Baadhi ya wajumbe walicheka, Katibu akiwemo.

KUMB. NA. 3/06/2025: HOJA YA KUIRUDISHA MASHINE YA KAKUMA

Bw. Lokiru alitoa hoja kwamba mashine ya Kakuma irudishwe Lodwar kabla ya maonyesho ya ufundi ya mwezi wa Agosti. Alisema amechoka kusikia watu sokoni wakidai mti wake umekauka na magurudumu yanateleza. Magurudumu yalitoka mikononi mwake yakiwa mazima. Kama yameharibika, yameharibiwa njiani au na yule anayeyashika sasa.

Bw. Lam alisema barabara ya kwenda Kakuma ni lami, na mashine ilisafiri ikiwa imefungwa blanketi vizuri kuliko abiria. Bw. Lokiru alisema basi ni mwendeshaji. Bi. Nakiru aliunga mkono. Alieleza kwamba mara mbili alimpigia Bi. Nyaduoth kumuuliza ametuma nini, na mara zote mbili alijibiwa: "Nimetuma maneno. Kama mashine yenu iko mzima, mtasoma." Bi. Nakiru aliona hayo ni majivuno.

Bw. Lam aliomba kusema. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyatamka: "Huyo mama, Jumamosi anavaa nguo ya kanisa ndio anaenda kwa mashine. Anafunga mlango. Akitoka, amepumua kidogo. Mimi sijui anaandika nini. Lakini mkichukua hiyo kitu, mimi nitamwambia nini?"

Mwenyekiti alijibu kwamba anamheshimu mama huyo, lakini kikundi hakikuundwa ili watu wapumue. Alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mashine moja nzima ni bora kuliko mbili zinazosutana. Aliamua kwamba lifanyike jaribio la mwisho hapo hapo. Ujumbe usiposomeka, Bw. Lam akirudi Kakuma aipakie mashine kwenye gari la kwanza, na Bi. Nyaduoth akome kuwa mwendeshaji. Wajumbe watatu walikubali. Bw. Lam hakuinua mkono.

KUMB. NA. 4/06/2025: JARIBIO

Magurudumu yalipangwa kama ilivyokubaliwa na pande zote mbili. Bi. Sylviane alisikika kwenye simu akisema, "Mama iko tayari. Muandike pole pole, mtandao iko inakatika." Alisoma herufi moja moja. Bi. Nakiru alibonyeza, Bw. Lokiru akaita kila taa iliyowaka, Katibu akaandika ubaoni kwa chaki. Ubaoni palibaki hivi:

TAPKO ANGNY ADAKY AK

Bw. Lokiru alisema ni takataka ile ile. Bi. Nakiru alichukua kitambaa afute, kama afanyavyo siku zote.

Bw. Lam alimwambia asifute. Alisimama, akaenda ubaoni, akaomba chaki. Hakuandika neno. Alichora mistari mitatu tu katikati ya herufi, zikasomeka: TAP, KOANG, NYADAK, YAK. Kisha akasema, "Hii si takataka. Hii ni watu."

Mwenyekiti aliomba ufafanuzi. Bw. Lam alieleza kwamba Tap alikuwa mume wa Bi. Nyaduoth. Koang ni kijana wao wa kwanza. Nyadak ni binti, alikuwa bado ananyonya. Yak ni ndugu yake Bi. Nyaduoth wa tumbo moja. Wote wanne waliuawa siku moja huko Sudan Kusini, kabla mama huyo hajavuka mpaka. Bw. Lam alisema anawajua kwa sababu wanatoka kijiji kimoja, na Yak ndiye aliyemfundisha kuogelea. Aliomba ruhusa kutoka nje. Alipewa.

Bw. Lokiru alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kwa hiyo magurudumu yake ni mazima. Katibu anaamini hata yeye alitamani angekuwa amenyamaza.

KUMB. NA. 5/06/2025: MAZUNGUMZO NA BI. NYADUOTH

Bw. Lam aliporudi, Mwenyekiti aliagiza simu iwekwe spika. Alimweleza Bi. Nyaduoth kwamba ujumbe umesomeka. Bi. Nyaduoth akauliza, "Yote?" Mwenyekiti alijibu kwamba yote, mpaka Yak.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakuwaambia tangu mwanzo. Jibu lake linaandikwa neno kwa neno: "Mlisema nitume maneno yenye nyinyi hamjui. Mimi niko na hiyo tu. Nikisema kwa simu, mtasema pole mama, halafu mnakata. Hapa Kakuma kila nyumba iko na yake, nani nitamwambia? Nilitaka itoke yenyewe huko kwenu, moja moja, na mtu aandike."

Bi. Nakiru aliomba kuzungumza, akashindwa, akaomba tena. Alisema tangu Machi yeye ndiye aliyekuwa akifuta ubao. Alisema kila Jumamosi amewafuta watu kwa kitambaa, na wakati mwingine kwa kicheko. Alilia. Katibu pia alilia, na haoni sababu ya kulificha hilo katika kumbukumbu. Bi. Nyaduoth alimwambia, "Nyamaza, dada. Hukujua." Bi. Nakiru alisema kutojua hakumpunguzii kitu.

Bw. Lokiru aliondoa hoja yake bila kuombwa. Ikaazimiwa kwamba mashine ya Kakuma ibaki Kakuma na Bi. Nyaduoth aendelee kuwa mwendeshaji wake. Kuhusu maonyesho ya Agosti, Bi. Nyaduoth alisema hataki majina ya watu wake yasomwe mbele ya wageni wanaokunywa soda. Ikakubaliwa kwamba siku hiyo yatumwe maneno mengine, naye ndiye atakayeyachagua.

KUMB. NA. 6/06/2025: UJUMBE WA MWENYEKITI

Jambo hili halikuwa katika ajenda.

Mwenyekiti alisema mtu akitumiwa ujumbe ni adabu kujibu, na tangu Machi Lodwar haijajibu hata mara moja. Alimwomba Bi. Nakiru ampishe kwenye kiti. Alipanga magurudumu mwenyewe. Aliomba wajumbe wasitazame vitufe, wajumbe wakageukia ukutani. Alimruhusu Katibu peke yake atazame taa na kuandika. Zilizotoka ni hizi:

QZDHB RF

Mwenyekiti alizisoma kwenye simu. Alisema huo ndio ujumbe wote.

Tulingoja. Bi. Sylviane alisikika akiita taa huko Kakuma, lakini mbali na simu, hatukuzisikia vizuri. Kisha Bi. Nyaduoth akarudi kwenye simu na kuuliza, "Hii ni mtoto?"

Mwenyekiti alijibu kwamba ni mtoto wake wa mwisho. Alikwenda Lokori kuuza mbuzi mwaka juzi, wezi wa mifugo wakamkuta njiani. Alisema kwao, tangu wamzike, hakuna aliyelitaja jina hilo, mama yake hawezi kulisikia, naye mwenyewe hajalitamka hata akiwa peke yake humu dukani. Katibu amefanya kazi na Mwenyekiti miaka mingi na anajua watoto wake kwa majina. Hakuwa amejua jambo hili. Alidhani kijana yuko Nairobi.

Bi. Nyaduoth alilisema jina. Alilisema mara mbili, polepole, kama mtu anayemwita mwingine aliye ng'ambo ya mto. Kisha akauliza, "Nimeita sawa, mzee?"

Mwenyekiti alijibu kwamba ameita sawa.

Kwa ombi la Mwenyekiti jina halikuandikwa hapa. Herufi saba zilizo hapo juu zimeachwa kama zilivyotoka kwenye mashine.

KUMB. NA. 7/06/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti ndiye hufunga kwa sala. Safari hii hakuweza, Bw. Lam akafunga kwa lugha ya kwao, na kila mmoja akaitikia amina alipodhani pamefika mwisho. Wajumbe walitawanyika saa nane na robo mchana. Mwenyekiti alibaki na simu.

Imeandikwa na kutiwa sahihi:

A. Ebei
Akidor Ebei, Katibu

Imesomwa na kukubaliwa bila kubadilishwa neno:

E. Ekal
Epuyo Ekal, Mwenyekiti