Nukta za Buluu Mguuni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujauliza nakujibu: katika ukoo wetu hajazaliwa mtu mwenye bahati kama mimi. Kioo cha dirisha zima kimeniangukia gotini nikiwa kazini, kikakata mshipa wa fahamu, na bado mguu ninao, tena unaota upya kama jino la mtoto! Wewe hujambo? Mgongo bado unakusumbua ukiinama? Na shemeji, ameacha kukoroma au majirani wamehama? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu, ananilisha kama anataka kunipeleka mnadani.

Uliniomba nikueleze vizuri habari za upasuaji, maana kwenye simu nacheka tu. Haya, kaa chini. Mshipa wa fahamu si wa damu, dada. Huu ndio unaopeleka amri kutoka kichwani. Wangu ulikatika pembeni ya goti la kushoto, unyayo ukaning'inia kama ndala iliyokatika kamba. Ncha zake zilikuwa zimeachana mno, hazishoneki pamoja. Basi daktari, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, akachukua kipande cha mshipa mwingine kutoka mguu wa kulia, akakiunga pale kati. Mguu mzima ukamchangia mgonjwa, na wenyewe umebaki na ganzi pembeni ya unyayo hadi leo. Nikamwambia daktari kwamba huo wa kulia ni dada mtu. Hapo alicheka.

Akanieleza kwamba kile kipande ni njia tu. Mshipa wenyewe lazima uote kutoka gotini mpaka vidoleni, na kwa siku hauendi zaidi ya nusu ya unene wa kioo cha fremu ya picha. Nyama za mguu zinaungojea, ila hazingoji milele, zikichoka zinakauka. Ukikwama njiani, alisema, lazima ajue mapema afungue tena. Ndiyo maana kila nikienda hunilaza, ananiambia nifumbe macho, kisha anagonga mguu kwa ncha ya kidole, kuanzia chini kupanda juu, taratibu. Pale ninaposikia vijisindano kama shoti ya umeme, ndipo mshipa ulipofika. Anatia nukta kwa kalamu ya buluu, na za zamani zilizofifia anazikoleza. Hata mimi hugonga kioo hivyo hivyo kabla ya kukikata: chenye ufa hakilii, kinakohoa.

Basi nukta zangu zikawa zinashuka kama mtu anayeteremka ngazi. Wagonjwa wenzangu kwenye benchi wakaniita Bingwa. Mara ya mwisho nukta ilifika karibu na kifundo. Daktari akanipa mkono, akasema kwa mwendo huo hana sababu ya kufungua tena.

Juzi nikaenda karakana kutamba. Nimevua kiatu chenye lile bamba linaloshikilia unyayo, nimevaa ndala, suruali nimeikunja ili waone nukta, nakata kioo huku nawasimulia. Mwenzangu mmoja akaacha kucheka, akaniuliza kama sioni ninavyovuja. Nikatazama chini. Kipande cha kioo kilikuwa kimejichomeka katikati ya nukta mbili, kimesimama kama bendera, na ndala imejaa damu. Sikuwa nimesikia kitu. Nikawaambia eti wanaume wa ukoo wetu hatujui maumivu, wakanipigia makofi. Nikaenda kujifungia chooni, nikakichomoa kile kipande peke yangu.

Dada, mimi nilikuwa sifumbi macho. Nachungulia kupitia kope, nauona mkono wa daktari, na ukifika pale ninapopataka naruka na kusema hapo hapo! Mara ya kwanza ulikuwa utani, nilitaka acheke tena. Halafu nikaona uso wake ulivyong'aa, nikaogopa kuuzima, na nikaogopa kisu. Siku ile nilipozinduka baada ya upasuaji sikuusikia mguu kabisa, nikadhani wameutupa. Nilipapasa shuka nikikuita wewe, mtu mzima na ndevu zangu. Hilo sikukwambia. Jana nimejigonga mwenyewe, macho nimefumba kwelikweli. Vijisindano vinaishia kwenye kovu, pale pale vilipokuwa tangu mwanzo. Chini ya hapo mguu unakohoa tu.

Jumatatu natakiwa hospitali. Nakuomba uje. Kaa kichwani pangu, unifunike macho kwa kiganja chako, kama ulivyokuwa ukinifunika tulipokwenda kuchomwa sindano utotoni. Chini ya mkono wako siwezi kuchungulia. Najua atafungua tena, na naogopa, dada, usiku na mchana naogopa. Ila kuchelewa kunanitisha zaidi.

Wifi yako bado hajui. Niachie nimwambie mwenyewe. Msalimie shemeji na mkoromo wake. Wapwa zangu waambie mjomba amewasugulia vipande vya kioo cha rangi, kingo hazikati.

Mimi mdogo wako,
Bingwa

Ile bahati ya huko juu ni uongo. Mguu haujaota hata kidogo.