Dakika Tatu za Tuta la Magomeni

Jumapili, Novemba. Joto linachosha. Jua linachoma mabati na Kilosa nzima imetulia, lakini huko juu, upande wa Mpwapwa, kumefunga wingu zito tangu asubuhi. Mto wetu, Mkondoa, haungoji mvua inyeshe kwetu. Ikinyesha huko milimani, maji yanatufikia huku tumeanika nguo.

Nina jambo limenikaa kooni. Nalisema hapa kwa sababu hakuna mtu wa Magomeni, mtaa wetu wa huku Kilosa, anayesoma blogu hii. Wao wanajua nina duka la fotokopi, basi.

Nimewaacha watu wangu waamini uongo.

Kati ya nyumba zetu na mto kuna tuta la udongo, la tangu enzi za mababu. Lilitunzwa na wenye mashamba ya mkonge; tangu mashamba yabadilishe wamiliki, tuta nalo halina mwenyewe. Mafuriko yalipokuja lilikatika, pengo la upana wa nyumba mbili. Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya tatu kutoka pale. Leo pamebaki msingi, na mama analala chumbani kwangu.

Kila Jumamosi tunajaza mchanga kwenye viroba na kuziba hilo pengo. Wakulima wa Masanze wanakuja na mabeleshi yao. Mama Naserian, ambaye familia yake inafuga ng'ombe huko mbugani na walikuwa wanalibomoa tuta wakishuka kunywa maji, alisimama mbele yetu wote akasema, "Ng'ombe wangu hawatapita tena hapo. Wakipita, msiwapige, mnifuate mimi." Na kweli hawajapita. Mwenyekiti wa kamati yetu ya tuta ni Mzee Lugome, mstaafu wa reli. Ni yeye aliyesema kwamba viroba ni vya kujishikiza tu. Tunahitaji kijiko, ile mashine ya kuchota udongo, kabla mvua hazijachanganya.

Wiki iliyopita shirika moja likatualika Dar es Salaam kwenye maandamano ya haki ya tabianchi. Nafasi ya mtu mmoja. Kamati ikanichagua mimi kwa kuwa sioni aibu mbele ya watu. Kazi yangu ilikuwa sentensi moja tu: tunaomba kijiko.

Jiji lilinivimbisha kichwa, nakiri. Tulitembea barabarani na mabango, mamia ya watu wa mitaa ambayo maji yanaingia hadi vitandani. Nikaimba mpaka sauti ikakauka. Wengi wetu hatuna hata pikipiki ya kutoa moshi, lakini mvua zilizoharibika zinaanza kutuadhibu sisi. Kwa mara ya kwanza niliona hatuko peke yetu.

Kisha tukaingia ukumbini. Kila mwakilishi dakika tatu.

Mwanamke wa jijini aliyenitangulia hakuamkia mtu. Alisema, "Mtaa wetu unazama," akataja wanachotaka, akaketi muda wake haujaisha. Nikamwona hana adabu.

Zamu yangu ikafika. Meza kuu walikaa wazee watatu, mvi tupu. Ningeombaje kabla ya kuwaamkia? Nikasema shikamooni, nikasubiri. Marahaba zikaja taratibu, moja moja, na mmoja akaniuliza habari za Kilosa. Nikajibu. Halafu nikaanza kufikisha salamu. Siku ya kuondoka watu walinifuata stendi, kila mmoja akanituma salamu zake, na kwetu salamu uliyotumwa huiachi njiani. Nikataja wazee wa Magomeni. Nikataja wakulima wa Masanze. Nikataja akina mama wa viroba, na Mzee Lugome kwa jina lake. Nilikuwa nimefika kwa Mama Naserian kengele ilipolia.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti. "Asante sana dada yetu wa Kilosa. Ujumbe umefika."

Wakapiga makofi. Neno tuta halikuwa limetoka mdomoni mwangu.

Nilinyoosha mkono, nikaambiwa chakula tayari. Nikamfuata mgeni rasmi nje, nikakuta vumbi la gari lake. Nikaandika yote nyuma ya ratiba, nikampa dada wa mapokezi, akaiweka chini ya simu. Niliporudi kuchukua mkoba wangu, dada hayupo na karatasi iko palepale. Nilisimama pale kama mjinga. Ningeichukua ningempa nani?

Jana kamati ilinisubiri kwenye tuta. Nilidhani wataanza na kijiko. Hapana. Mzee Lugome aliuliza, "Salamu zetu walizipokea?"

"Walizipokea, babu."

"Waliitikia wenyewe, kwa midomo yao?"

"Waliitikia."

"Na ujumbe?"

Hapo ndipo nilipopotea. Walikuwa wananitazama wote, mikono ina mchanga. Nikasema, "Ujumbe umefika." Maneno ya mshereheshaji, neno kwa neno.

Mzee akashusha pumzi. "Basi watakuja. Mtu akishapokea salamu zako hawezi kukuacha ufe maji." Akageukia wenzake akawaambia viroba viondolewe, vinaziba njia ya mashine.

Viroba vya miezi mitano.

Leo mchana nilipiga moyo konde nikaenda kwake kumwambia ukweli. Sikumkuta nyumbani. Nilimkuta kwenye tuta, peke yake juani, anapima njia ya kijiko kwa kamba. Alifurahi kuniona. Kabla sijafungua mdomo akanipa ncha ya kamba akaniomba nisimame upande wa pili, miguu yake haimruhusu kushuka. Nikashuka, nikashika. Tukapima njia yote mimi na yeye, na yeye ananieleza mashine itageuzia wapi. Nikarudi nyumbani sijasema kitu.

Najichukia kwa hilo. Nawachukia pia wale waliopiga makofi, ingawa sijui wangefanya nini, hawakuambiwa kitu.

Mama ameniuliza chakula cha jioni ni nini. Naye anaamini kijiko kinakuja. Ameshaanza kuchagua mahali pa mlango wa nyumba mpya.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi wanaanza kuondoa viroba. Mdomo wangu siuamini tena, kwa hiyo nimeamua hivi: nitawahi kabla ya wote, nikae juu ya kiroba cha kwanza. Wakifika watalazimika kuniuliza kwa nini sinyanyuki.