Mwaka Ulio Kwenye Msalaba wa Babu

Mpendwa Shangazi Nabwire,

Naomba msaada wako, na tafadhali usichapishe jina langu, maana gazeti hili likiingia kwetu husomwa mpaka na majirani. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita, 1993, na sasa nangoja matokeo hapa Kisumu. Mimi si mtu wa maneno, mbele ya wageni sauti hunipotea kabisa, lakini kuandika naweza kidogo, kwa hiyo mwaka ulipoanza niliamua nitaandika historia ya nyumba yetu, nani alimzaa nani na walitoka wapi, kwa sababu Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, amezeeka na hakuna aliyewahi kuandika hata mstari mmoja.

Tulikuwa kwake karibu na Sondu kwa sikukuu. Siku ya Mwaka Mpya baba mkubwa Gordon, ambaye ni kifungua mimba wa Dani, aliwatangazia watu wote wakati wa chakula, "Huyu asiyeongea ndiye atatuandikia kitabu! Pasaka atatusomea hapa hapa," wakapiga makofi, nami nikatamani kujificha chini ya meza, ila kwa kweli nilifurahi, Shangazi, sijawahi kupigiwa makofi.

Kesho yake Dani alinipa brashi na ndoo ya maji nikasugue kaburi la babu, akaniambia, "Nyathina, mtoto wangu, msugue mzee vizuri, alikuwa mtu wa kujipenda." Nikasugua msalaba wa saruji mpaka uchafu wa kijani ukatoka na maandishi yakaonekana, babu Oduor alikufa 1948, nikafurahi kupata tarehe yangu ya kwanza, halafu nikaacha kusugua, kwa sababu kitambulisho cha Baba kinasema alizaliwa 1952. Nilitaka kumuuliza Baba lakini alikuwa amevuka kijito kumpelekea sukari Mzee Oketch, binamu ya babu, kama anavyofanya kila msimu wa Krismasi na Mwaka Mpya kabla hata hajanywa chai, na aliporudi nilikuwa nimeshaogopa.

Tangu hapo sijaandika neno. Dani ni kiongozi wa akina mama kanisani, je, alikosea? Kama Baba si mtoto wa babu, basi sisi si watu wa boma hilo, na baba mkubwa akijua atatufukuza, na atakuwa amejulishwa na mimi. Wiki iliyopita alipita kwetu akapiga kelele tangu mlangoni, "Mwandishi! Umefika kwa nani? Ama wino umeisha?" nikasema, "Bado, Baba mkubwa," nikakimbilia jikoni kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Je, nibadilishe mwaka, au nichome yote, au nimwambie Baba? Sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Ni mimi,
Mwoga, Kisumu

SHANGAZI NABWIRE ANAJIBU

Mwanangu Mwoga,

Acha hizo sufuria uketi. Hakuna atakayefukuzwa.

Hebu tuanze na huyo baba mkubwa unayemwogopa. Yeye ni kifungua mimba, kwa hiyo baba yako alipozaliwa Gordon alikuwa kijana wa kuchunga ng'ombe, na macho alikuwa nayo. Unafikiri hajui baba yao alizikwa lini? Anajua, na Dani anajua, na baba yako anajua, na kijiji kizima. Siri hii unaificha peke yako, mbele ya watu walioijua kabla hujazaliwa.

Huko kwenu mjane huitwa "chi liel", mke wa kaburi. Mume akifa ndoa haifi. Zamani ndugu au binamu wa marehemu aliingia kuitunza nyumba, na watoto waliozaliwa humo walikuwa watoto wa marehemu, kwa jina na kwa shamba, bila mtu kubisha. Mimi ni mtu wa Samia na kwetu ni vivyo hivyo. Siku hizi makanisa yanakataza na hospitali zinaonya juu ya ukimwi, nami nawaunga mkono, na labda ndiyo sababu wazazi wako walinyamaza mbele ya msichana waliyemlea mjini. Lakini mwaka 1952 nyanya yako alikuwa mjane mwenye watoto, na alifanya lililotazamiwa kwake mchana kweupe. Kiongozi wa akina mama hakukosea.

Sasa nikugombeze. Umemaliza kidato cha nne, ukasoma saruji na kitambulisho, ukamhukumu nyanya yako aliye hai bila kumuuliza swali hata moja! Hiyo ni historia gani? Na hiyo sukari inayovuka kijito kabla ya chai, hukujiuliza? Sisemi lolote juu ya Mzee Oketch, simjui. Nasema tu kwamba baba yako si mtu wa kuona haya, na wewe umeona haya kwa niaba yake.

Kubadilisha mwaka, nakukataza. Kuchoma, ukijaribu nitakuja huko mwenyewe. Nenda Sondu Jumamosi hii, bila kungoja Pasaka. Umkute Dani peke yake shambani, ushike jembe, usitoe kalamu. Usimuulize baba yako alizaliwaje, hilo si swali la mjukuu. Muulize mumewe alikuwa mtu wa namna gani, kisha umuulize ni nani aliyemsaidia alipofiwa. Halafu nyamaza. Kunyamaza unakujua kuliko watu wengi, na kwa kazi hii ni kipaji. Mwisho muulize yapi yasomwe mbele ya watu na yapi yabaki kwenu wawili, na neno lake liwe sheria.

Lakini leo, ukishaliweka gazeti hili chini, anza tena. Andika: "Baba yangu ni mtoto wa Oduor." Liandike bila kutetemeka, maana ndivyo alivyo. Chini yake acha nafasi. Sentensi inayofuata ni ya Dani, na usiiandike mpaka akupe.