Mwalimu wa Waoga

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana, mvua ikiwa imekatika sasa hivi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na wale mapacha ambao kwenye picha sijui yupi ni yupi. Hamjambo nyote? Ule mgongo wako umetulia, au bado unaamka umejikunja kama mtu aliyelala kwenye beseni? Wifi ameniambia unakaa kitini kutwa nzima bila kuinuka. Inuka, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa sababu nilikubeba mgongoni kabla hujajua kusema, na haki hiyo sijaiachia mtu.

Mimi sijambo. Magoti yananung'unika nikipanda ngazi, lakini yananifikisha. Binti yangu anamsalimu mjomba wake. Tangu aolewe amehamia mtaa wa pili tu, na bado anakuja hapa kufunuafunua sufuria zangu kana kwamba kwake hakuna jiko.

Najua unasubiri jibu. Umeniomba nije nikae kwenu moja kwa moja, nipumzike, niwe karibu na watoto. Kila ukiniuliza kwenye simu nasingizia mtandao. Mtandao haukuwa na kosa lolote, masikini. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na jambo hili nataka kulisema mwanzo hadi mwisho bila mtu kuniambia "lakini dada". Basi keti, usome.

Unakumbuka ofisi yetu ilipofungwa. Nilikuwa mhazili pale tangu wewe ukiwa shule ya msingi. Nilichapa barua za wakubwa waliokuja na kuondoka, na vidole vyangu vilijua herufi kuliko vilivyojua kukanda unga. Sikuichukia kazi ile. Ila sikuwahi hata siku moja kuiwaza nikiwa bafuni. Rafiki yangu mkubwa mle ndani alikuwa saa ya ukutani. Walipotuaga kwa soda na hotuba nililia kidogo, na nilipofika nyumbani nikagundua nawalilia watu, kazi yenyewe siililii.

Baada ya hapo kila mtu akawa mshauri wangu. Binti akasema nishone. Nikamshonea gauni ambalo mkono mmoja uliishia kwenye kiwiko na wa pili ukafunika vidole. Alilivaa kwa heshima yangu, siku moja, ndani ya nyumba, mapazia yamefungwa. Nikafuga kuku. Kosa langu ni kuwapa majina, na ukishamwita kuku Bi Harusi, nani tena atamchinja? Wakazeeka mikononi mwangu, wakafa kwa uzee kama watu wenye heshima zao.

Wakati huo wote gari la marehemu shemeji yako lilikuwa uani, limefunikwa turubai. Unajua nilivyoogopa magari. Hata akiendesha yeye nilikuwa nakanyaga breki isiyokuwepo, mpaka akawa ananiambia iko siku nitatoboa sakafu. Lakini nilipoona nyasi zimeanza kupanda kwenye magurudumu, nilijihisi kama nimemwacha yeye mwenyewe nje kwenye mvua. Nikajifunga kibwebwe, nikaenda shule ya udereva.

Mwenye shule ile wanamwita Radi. Ukimsikia huulizi kwa nini. "Klachi! Nimesema klachi! Hiyo ni breki!" Watu wa mtaa wa nyuma walikuwa wanayajua makosa yangu kabla sijashuka garini. Nilianguka mtihani, nikaanguka tena, na nilipofaulu nadhani mtahini alinihurumia tu. Lakini Radi si mtu mbaya. Kazaliwa bila woga, basi, na hajui kwamba ukimpigia kelele mtu anayeogopa, masikio yake yanajifunga.

Sasa nikuambie habari za jirani yangu, tunayegawana naye ukuta. Huyu ni mkunga, mwanamke shupavu. Amepokea watoto umeme ukiwa umekatika, huku ameshika tochi kwa meno. Alipata uhamisho kwenda kuhudumia zahanati za nje ya mji, na gari la kazi juu yake. Sharti lilikuwa moja, ajue kuliendesha upesi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Naye alikuwa ameshamkimbia Radi. Akaja jikoni kwangu, akakaa, akasema, "Dada, damu haijawahi kunitisha. Ila nikishika usukani, hii mikono inakuwa ya mtu mwingine."

Leseni ya kujifunzia alikuwa nayo. Jumamosi tukachukua gari langu mpaka kwenye kiwanja cha shule, wanafunzi hawapo. Kwenye tambarare alikwenda vizuri. Mwisho wa kiwanja kuna mwinuko, na hapo gari likazimika, likaanza kurudi nyuma. Mwenzangu akaachia kila kitu akapiga yowe. Nikavuta breki ya mkono. Tukatulia. Maneno ya Radi sikuyataka. Nikamwuliza, "Kule wodini, mama akipiga kelele hivyo, humwambia nini?"

"Namwambia apumue."

"Halafu?"

"Asisukume kabla ya wakati."

"Basi pumua. Na hiyo klachi usiiachie kabla ya wakati. Ikianza kutetemeka chini ya mguu, ujue mtoto anakuja."

Akanigeukia, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kisha akavuta pumzi, akaachia pole pole, gari likaupanda ule mwinuko kama linavutwa kwa uzi.

Mdogo wangu, jioni ile nilikuwa naosha vyombo nikajikuta nimeganda na sahani mkononi, maji yanamwagika tu. Nilikuwa nawaza: kesho nimpitishe wapi? Nimpe barabara yenye kona kwanza, au ile iliyonyooka lakini ina malori? Nikashtuka kwamba sijala tangu asubuhi. Miaka yote ile ya ofisini njaa haikuwahi kunisahau hata mara moja.

Mkunga akafaulu. Wapo watu wanaotunza siri, huyu si mmoja wao. Wakaanza kuja: msusi wa nywele aliyekuwa akifumba macho akipishana na gari kubwa, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiomba radhi kwa kila gari lililompigia honi. Nikawa natoka kila siku asubuhi, nimevaa viatu bapa, naimba peke yangu. Binti yangu alidhani nimepata mchumba.

Siku moja nafungua mlango, namwona Radi. Nikajua leo kumekucha. Akasimama hapo, kofia mkononi, sauti ameificha sijui wapi.

"Mama, wanafunzi wangu wanakukimbilia wewe."

"Sikuwaita, baba. Wanakuja wenyewe."

"Najua. Waoga wananishinda mimi. Nikiwanyamazia wanazidi kutetemeka, nikiwasemesha wanalia. Njoo shuleni. Wale wote wanaotetemeka watakuwa wako."

Nikaenda kusomea ualimu wa udereva, na darasani wenzangu wote nilikuwa na umri wa kuwazaa. Siku ya mtihani mtahini akapitia habari zangu, akanitazama juu ya miwani. "Mama, wewe mwenyewe ulianguka mtihani wa leseni mara mbili. Kwa nini nikuruhusu kumfundisha mtu?" Nikamwambia ukweli, kwamba mimi najua jinsi gari linavyoonekana kwa mtu anayeliogopa. Hakucheka. Alinizungusha mji mzima, na mwisho akanipa mkono.

Ni katika siku hizo hizo ndipo uliponiomba nije kwenu. Binti akasema, "Mama, mjomba anakupa mapumziko, wewe unatafuta kugongwa?" Na sikufichi, nilikaribia kukubali. Nawapenda wale watoto bila hata kuwashika. Sanduku nilikuwa nimeshalishusha kutoka juu ya kabati.

Lakini Radi alikuwa amenipa mwanafunzi mmoja, fundi seremala, mtu mzima mwenye mikono kama mbao zenyewe. Huyu kuendesha alijua. Miaka iliyopita lori lilimsukuma nje ya barabara, akatoka mzima, na tangu siku hiyo hakugusa tena usukani, mpaka leseni yake ikaisha muda na ikabidi aanze upya. Milango na makabati akawa anasukuma kwa mkokoteni. Siku za mwanzo tulikaa tu ndani ya gari lililosimama uani mwa shule, tunazungumza habari za mbao: ipi inapinda, ipi inapasuka ukiiharakisha. Radi akipita anatikisa kichwa. "Mama, hapa tunafundisha kuendesha, hatufundishi kukaa." Nikawa namjibu kwamba hata kukaa humo ni kazi. Kisha siku moja, katikati ya maneno, seremala akawasha injini mwenyewe.

Tukaanza barabara ndogo. Wiki zikapita. Nikaona yuko tayari, nikamtoa barabara kubwa, na nilikuwa nimepima vibaya. Lori likaja mbele yetu, la kawaida tu, upande wake, mwendo wake. Seremala akaachia usukani akafunika uso kwa mikono miwili.

Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu. Nilikanyaga breki ile kwa nguvu zangu zote huku nimedaka usukani kwa mkono mmoja. Tukasimama tairi moja likiwa hewani juu ya mtaro. Nyuma yetu honi zikaanza, foleni ikakua. Nakuambia wewe, sijamwambia mwingine: kitu cha kwanza kilichonijia ni sura yako. Nikasema moyoni, basi, naenda kwa mdogo wangu, nitabembeleza watoto, nitakufa kitandani kama watu.

Seremala akafungua mlango. "Mwalimu, nisamehe. Nimekutia hatarini. Wewe rudisha gari, mimi nitarudi kwa miguu."

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Funga mlango."

"Siwezi tena."

"Hata mimi nimeogopa. Tazama mguu." Ulikuwa bado umeikanyaga ile breki yangu. "Ukishuka hapa hutapanda tena, na mimi ndiye niliyekuleta huku mapema. Sitaki kuondoka na hilo. Washa taa za dharura. Wanaopiga honi waache wapige, honi haiumi."

Dereva mmoja alitutolea maneno ambayo siwezi kukuandikia siku ya Jumapili. Kisha seremala akafunga mlango. Akaweka mikono kwenye usukani. Kwa upole, jinsi ninavyodhani anavyoshika ubao mwembamba, akarudisha gari nyuma, tairi likagusa lami. Akatia gia ya kwanza, na hakuibadilisha hiyo gia mpaka shuleni. Njia nzima alikuwa akiniuliza, "Upo, mwalimu?" nami namjibu, "Nipo." Nyuma yetu msafara ulikuwa mrefu, mtu angedhani tunapeleka bi harusi.

Radi alikuwa langoni. Aliona ile foleni, akaona ni nani ameshika usukani. Akasogea kando tu, akatufungulia lango mpaka mwisho.

Nikaenda nyuma ya jengo, penye bomba la kuoshea magari, nikalia na kucheka kwa pamoja. Nilikuwa nimechoka, nguo zimelowa jasho, na sikutaka kuwa mahali pengine popote duniani. Nikajisemea kwamba kesho nitamrudisha kwenye barabara ndogo, kisha tutaifikia ile kubwa kwa hatua fupi zaidi. Nilipofika nyumbani nikalirudisha sanduku juu ya kabati.

Seremala alianguka mtihani wa kwanza. Wa pili akafaulu. Juzi alipita mbele ya nyumba yangu na gari limejaa milango, akapunguza mwendo, akapungia mkono mmoja. Nilimfokea kwa sauti kubwa kuliko Radi: mikono yote miwili usukanini!

Basi jibu langu, mdogo wangu, ndilo hilo. Sitakuja kukaa. Nitakuja kukutembeleeni shule yetu ikifungwa kwa likizo, nitawashika mapacha mpaka waniombe niwaachie, kisha nitarudi. Usinune. Uliniuliza zamani, ukiwa unachagua masomo, mtu anajuaje kazi yake, nami nikakujibu majibu ya dada mkubwa asiyejua kitu. Hata leo sijui wengine wanajuaje. Mimi niliijua pale nilipopata sababu zote za kuiacha, nikatazama, nikaona bado naitaka. Nawe, ikiwa hicho kiti kinachokuumiza mgongo hakikupi hamu ya kesho, niambie. Hujachelewa. Mimi nilianza nikiwa na mvi.

Mpe wifi yangu salamu, mwambie nguo alizonitumia zimenikaa sawasawa, mikono yote miwili. Wabusu mapacha kila mmoja kivyake. Binti yangu na mkwe wangu wanakusalimu, na mkunga pia, ingawa hamjuani. Amesikia habari zako zote kupitia ukutani. Mungu akulindeni huko ugenini, awape afya na riziki yenye raha ndani yake.

Na watu wa huko wakikuuliza dada yako mkubwa yuko wapi siku hizi, usiwaambie amestaafu. Waambie yuko kazini.

Ni mimi, nikupendaye tangu siku ile ulipowekwa mikononi mwangu,

Dada yako