Dakika moja ya Wilfried

Fanny, Wilfried wetu amepata haya leo! 😂

Bamama ya korale, ile kwaya ya Mboko, bamekuja kwake kuchukua video zao, giga mia tatu. Akanyanyua diski mupya: "Katoni inasema giga tano kwa sekunde. Dakika moja tu, pikipiki zenye zinawangoja inje zisizime!"

Dakika moja! Mbele ya bamama bote!

Akaichomeka. Ordinateri, kompyuta yake, ikaonyesha dakika makumi tano.

Akalaumu kamba ya diski. Akabadilisha kamba. Makumi tano!

Ketsia, bibi yake wa ndoa, akamwambia polepole: "Ile tano ni upana wa njia ya kamba tu. Diski yenyewe inazunguka na kuandika kwa mwendo wake."

Mama Jocelyne wa korale akamusogezea Wilfried beseni ya mihogo ya Ketsia: "Basi menya, mutoto yangu, wakati iko."

Amemenya yote, Fanny. Diski bado iko nusu!