Pumzi za Chumba cha Mzazi

Bwana Mshauri wetu, mbukwa, kama tunavyosalimiana huku Ugogo, na baada ya salamu naomba unisaidie upesi, na ukiona mwandiko umepinda usidhani ni kwa kutojua kuandika, la, mimi Sostenes nilikaa shule ya misheni mpaka nikafika hesabu za kugawanya, ndipo mimi na mwalimu tukachokana, lakini kwa hicho kidogo nilichotoka nacho hakuna kijana Dodoma nzima wa kunishinda, hata Bwana Mjenzi, yule Mdachi anayejenga nyumba za wakubwa wa reli, alinichagua mimi nimshikie kamba ya kupimia, akawaacha wenye vyeti wabebe matofali.

Sasa huyo Bwana ana elimu ya hewa. Anapima urefu wa chumba, upana na kimo, anazidisha, kisha anauliza watalala watu wangapi, maana kila mtu ana fungu lake la hewa, na hapo ndipo anapojua tundu la ukutani liwe kubwa kiasi gani, joto la mchana litoke na baridi ya kipupwe isiingie kupita kiasi, na tundu likishakatwa anashika sigara yake pale anatazama moshi unavyovutwa. Elimu yote hiyo niliichukua kwa macho, bila kufundishwa. Basi dada yangu Ruthu alipokaribia kujifungua kule Ihumwa kwa mumewe Matonya, nikaona siku yangu imefika.

Kwetu mzazi hukaa chumba cha ndani kabisa cha tembe, moto hauzimwi, na ukuta wake haupigwi shoka wala jembe mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Upepo ulikuwa unapenya chini ya paa la udongo, kati ya boriti na boriti, na mama yake Matonya analalamika kwamba mjukuu atamfia kwa baridi. Nikamwambia, "Mama, mwachie fundi." Nikapima chumba kwa kamba, nikazidisha, nikamwuliza, "Humu watalala wangapi?"

Akaniziba mdomo kwa kiganja kilichojaa unga. "Koma! Watu wanahesabiwa? Hata ng'ombe wangu sijawahi kuwahesabu, wewe unataka kumhesabu na huyu ambaye hajatoka tumboni?"

Matonya akacheka pale mlangoni. "Shemeji, kahesabu mataruma ya reli. Yale hayafi."

Basi nikaweka wawili, kama anavyoandika Bwana Mjenzi, bwana na bibi yake, nikaziba nafasi zote za chini ya paa kwa tope na mavi ya ng'ombe, nikaacha tundu moja kama kinywa cha kibuyu, nikajaribu kwa unyoya wa kuku, ukacheza, nikashangiliwa. Tena nikawaletea makaa badala ya kuni, nikasema huu ndio moto wa wastaarabu, hauna moshi, hamtakohoa tena. Dada akajifungua mtoto wa kiume, chumba kina joto kama kwapa, na vijana wa stesheni wakaanza kuniita Bwana Hewa.

Sasa sikia kinachoniogopesha, mimi ambaye hata simba wa kule kijijini Zuzu aliponguruma sikukimbia, nilitembea tu kwa haraka. Ruthu anaamka kichwa kinampasuka na anatapika. Mama mkwe wake magoti hayamshiki. Wakitoka uani kuota jua wanapata nafuu, wakirudi ndani yanaanza upya. Ndama aliyekuwa amelala karibu na moto wamemkuta amekufa, hana jeraha wala ugonjwa. Na mtoto hanyonyi. Halii. Analala tu, watu wanamsifu, "Mtoto mtulivu huyu!"

Maana wanaolala mle si wawili. Kipupwe hiki wanaingizwa ndama na mbuzi, na watoto wa mke mkubwa wa Matonya nao wamehamia kwenye joto langu. Nimerudia hesabu kwa kijiti mchangani, tundu langu halitoshi hata robo. Na mama yake Matonya anasema ni baridi tu, kila jioni anaongeza makaa!

Nikisema, itanibidi nitaje idadi, na mtoto akifa watasema nimemhesabu. Nikitoboa ukuta kabla kitovu hakijadondoka, watasema vilevile. Matonya naye mkuki wake anaupaka mafuta kila asubuhi. Nimefikiria hata kupanda gari la moshi nipotee zangu. Wewe msomi, nipe hesabu tu: kwa pumzi nyingi vile, tundu la pili liwe la ukubwa gani, nilitoboe wapi lisionekane, au ningoje kitovu?

Ni mimi mwenye hofu,
Sostenes, Dodoma

MSHAURI ANAJIBU

Sostenes, simba wa Zuzu tumwache alale. Nilipofika kwenye habari za yule ndama niliacha chai yangu mezani, nikakimbilia kwa wapiga simu, nikaomba maneno haya yafike kwa Hamidi, karani wa simu wa stesheni ya Dodoma: "Sostenes atoe makaa kule Ihumwa kwa Matonya. Mzazi, mtoto na wote watoke nje. Sasa hivi." Haya ninayoyaandika hapa ni ya kukueleza sababu, wewe na wengine wenye ujuzi wa nusu kama wako.

Sikulaumu kwa kumtakia dada yako joto. Nakulaumu kwa kuwa mtoto amelegea mikononi mwa mama yake na wewe unaniomba ukubwa wa tundu! Huna hesabu ya kufanya leo. Na hata hiyo uliyoirudia mchangani imekosea tena, kwa sababu umewaweka watu, ukaweka mbuzi na ndama, ukamwacha mlaji mkubwa kuliko wote. Moto nao unakula hewa, kijana, na makaa ndani ya chumba kilichozibwa hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Kuni ziliwakohoza wakafungua mlango. Makaa yako hayamwamshi mtu.

Unasema ukuta haupigwi. Usiupige. Lakini lile tope la chini ya paa ni lako, halikuwa sehemu ya ukuta huo. Lichokonoe kwa vidole, lote, usibakize hata nafasi moja. Aliyeweka ndiye anayetoa, na hapo hujavunja mwiko wa mtu.

Kabla hujamwona Matonya, nenda kwa mama yake. Kaa chini, mwamkie kwa adabu, kisha sema wazi: "Mama, makaa yangu ndiyo yaliyomwua ndama, na yatamwua mtoto." Usitie utani. Wakirudishwa ndani, wawashie kuni, kidogo, na mlango ubaki wazi. Mbuzi, ndama na watoto wa mke mkubwa walale kwingine. Na siku nyingine ukitaka kupima hewa ya nyumba, usiulize wangapi. Uliza, "Wanaolala humu ni nani na nani?" Bibi atakutajia mmoja mmoja, hata ndama atakwambia ni wa ng'ombe gani, wewe unakunja vidole mgongoni. Kwenu mtu hahesabiwi, lakini huitwa.

Matonya atafoka. Mwombee apate nafasi ya kufoka, maana baba aliyefiwa hafoki. Na hilo gari la moshi liondoe kabisa moyoni, kwa kuwa ukilipanda, Ihumwa nzima hatabaki mtu anayejua kinachowaua.

Hamidi amenijibu. Hakukuona stesheni, akatuma mtu kwa miguu Ihumwa, na mpaka gazeti linaingia mtamboni mtu huyo hajarudi. Kwa hiyo kama karatasi hii imekufikia na makaa bado yamo chumbani, usingoje kumaliza kuisoma. Kimbia.