Walivyokiharibu Kitabu cha Joram

Jumamosi, 1 Julai 1989

Sinema tena leo, ile ya saa nane mchana. Picha ya Kihindi. Ndugu wawili walipoteana wakiwa wadogo, wakaja kujuana kwa kovu. Saa tatu nzima nangoja kovu. Lakini yule mama alilia kama mtu anayelia kweli, kwa hivyo nasamehe. Ile ya karate ya wiki jana: takataka. Watu ishirini wanasubiri zamu ya kupigwa kama foleni ya posta.

Nimerudi nyumbani Migosi kwa miguu. Insha za Form Two bado thelathini. Barua ya Owiti, mtengeneza filamu, iko mezani: filamu imekwisha, kaseti inaletwa Jumatano. Filamu ya kitabu cha Joram. Mume wangu aliandika kitabu kimoja tu maishani, kurasa mia moja na ishirini. Miaka mitatu tangu tumzike. Nimefurahi. Naandika hapa kwamba nimefurahi.

Jumatano, 5 Julai

Nimeitazama kwa jirani, Mama Akinyi, mwenye video. Watoto alikuwa amewatoa nje.

Siwezi kuandika.

Wameharibu.

Alhamisi, 6 Julai

Sasa naweza.

Kitabu: mjane wa Pap Onditi anakataa kurithiwa na mdogo wa marehemu mumewe. Yule mdogo anamnyang'anya shamba la bondeni. Mjane anafinyanga vyungu, anavibeba kichwani mpaka sokoni, anamsomesha mwanawe peke yake. Basi. Wala si hadithi ya kubuni. Mjane ni Mama Dorka, mama mkwe wangu. Mtoto ni Joram. Yule mdogo ni Mzee Okelo, yuko hai, ana afya kunishinda.

Filamu: mjane anakataa, anataabika, anajuta. Mdogo wa mumewe anakuja kumchukua katikati ya mvua. Analipa karo. Mtoto anapiga magoti mbele yake na kumwita Baba. Muziki. Mwisho.

Joram hakumwita mtu huyo hata jina.

Tena kuna gurudumu. Mwigizaji amekalia stuli, kucha nyekundu, anazungusha chungu kwenye gurudumu. Pap Onditi na Nyakach nzima halipo. Mama Dorka hukaa chini, miguu ameinyoosha, anapandisha udongo kwa vidole, utepe juu ya utepe. Ukurasa wa kwanza wa kitabu unasema hivyo. Hata ukurasa wa kwanza hawakuusoma.

Kizuri: ziwa la asubuhi limepigwa picha vizuri. Na yule mtoto anajua kunyamaza. Nakiri hayo mawili.

Na mimi nilitia sahihi. Owiti aliniletea skripti mwaka jana, nikaifungia kabatini. Sikuweza kuyatazama maneno ya Joram yakiwa yamechapwa na mkono mwingine. Nikasaini bila kusoma. Mimi, mwalimu, ninayewachapa watoto kwa kujibu swali wasilolisoma.

Jumamosi, 8 Julai

Owiti amekuja. Alisoma na Joram shuleni Maseno. Alipokuwa hana kazi alilala sebuleni kwetu miezi miwili. Leo amekalia kochi lile lile.

Nilimwuliza ni nani alimwambia abadilishe. Akasema wadhamini wa Nairobi walitaka filamu ya kuunganisha jamaa, si ya kuwagombanisha. Akasema hakuna atakayelipa kiingilio kumwona mjane akibeba vyungu dakika tisini. Alisema yote haya kwa upole, na upole huo ulinikera kuliko maneno.

"Shemeji, hii ni sinema. Kitabu kiko palepale, hakuna aliyekigusa."

"Mama yake Joram hajui kusoma," nikamwambia.

Owiti akatoa lingine. Kaseti moja amekwisha kumpelekea Mzee Okelo, kwa heshima, kwa sababu ndiye mkubwa wa boma. Itaonyeshwa kanisani Pap Onditi Jumapili, tarehe 16, baada ya ibada.

Sikumpa chai. Nyumba hii kila mtu hupewa chai. Leo sikumpa.

Jumatano, 12 Julai

Mama Akinyi ameirudia filamu na dada zake. Ananiambia wamelia. Wamelia wapi? Pale karo inapolipwa. Nilikuwa na sufuria mkononi. Niliiweka chini polepole.

Filamu si mbaya, ndilo linaloniudhi. Ingekuwa mbaya watu wangesinzia. Hii inamfanya mtu amlilie Okelo.

Ijumaa, 14 Julai

Nilimwandikia pasta nikimwomba asiionyeshe. Jibu limekuja leo. Mzee Okelo amekwisha kukodi jenereta na watu wamealikwa mpaka wa Sondu. Ikifutwa itakuwa aibu. Aibu ya nani, hakuandika.

Nilifikiri kumzuia Mama asiende. Nitamwambia nini? Ni filamu ya mwanawe. Tangu Joram afe hajapata kitu chake kipya.

Nakwenda. Nabeba kitabu. Sijui cha nini.

Jumapili, 16 Julai

Niandike yote kabla sijalala.

Walifunika madirisha kwa blanketi, televisheni juu ya meza ya pasta. Mama Dorka mbele kabisa, kitambaa cheupe kichwani, mikono mapajani. Mzee Okelo kando yake, koti zito kwenye joto lile. Mimi nyuma ya Mama.

Gurudumu lilipotokea wanawake wafinyanzi walicheka kanisa zima. Mama hakucheka. Alisogea mbele kidogo, kama mtu aliyeitwa na hajasikia vizuri. Hakurudi nyuma tena mpaka mwisho. Mtoto alipopiga magoti watu wakapiga makofi.

Mzee Okelo akasimama. Akamshukuru Mungu kwamba mtoto hakumsahau aliyemlea. Akasema wengi walimsema vibaya miaka mingi, leo wamejionea kwa macho. Kisha akamnyooshea Mama mkono ili wasalimiane mbele ya watu.

Mama hakusimama. Aligeuka kwangu.

"Nyathina, mwanangu," akasema kwa Kijaluo, wala si kwa sauti ya chini, "hivi ndivyo Joram alivyoandika?"

Hakuwa na hasira. Ningeweza kuivumilia hasira. Alikuwa anauliza tu, na alikuwa tayari kulipokea jibu lolote.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Nakala yake ya kitabu ameitunza miaka yote ndani ya sanduku, imefungwa kwa leso. Hakuna aliyewahi kumsomea. Joram alisema atamsomea, akaugua. Mimi nilidhani aliyeyaishi haya hana haja ya kusomewa. Kumbe hakujua mwanawe amesema nini juu yake. Leo ameambiwa, na ameambiwa uongo.

Nikasema hapana. Sivyo alivyoandika.

"Basi soma," akasema Mama.

Nikasimama. Sura ya nne, ya shamba. Nikasoma Kiswahili, nikatafsiri kwa Kijaluo, sentensi kwa sentensi. Mkonge wa mpakani unang'olewa mchana kweupe. Mjane amesimama na udongo mikononi, anatazama. Jenereta lilikuwa linanguruma nje ikanibidi nipige kelele.

"Mwalimu, kaa chini," akasema Mzee Okelo. "Hapa ni kanisani."

Nikaendelea. Pasta alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu mmoja wa nyuma alitoka, nikadhani anaondoka kwa hasira. Jenereta likazima. Mtu huyo akarudi, akaketi, akafunika magoti kwa kofia. Kanisa likawa kimya, nikasoma kwa sauti ya kawaida.

Mzee Okelo alitoka kabla sijamaliza ukurasa wa pili. Hakuna aliyemfuata. Hakuna aliyemzomea pia.

Nilipofunga kitabu hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa kwaya aliniambia mlangoni kwamba nimewaharibia Jumapili. Labda. Sikumwomba radhi.

Nilidhani nitapoa. Sijapoa. Shamba la bondeni bado ni la Okelo, mahindi yake yamefika kifuani. Nimeyaona nikipita.

Jumatatu, 17 Julai

Nimemwandikia Owiti. Kurasa tano. Nikazichana. Nikaandika mistari miwili: aondoe jina la Joram kwenye filamu, na aende Pap Onditi mwenyewe, kwa Mama, si kwa Okelo.

Hajui kuomba msamaha, huyo. Anajua kueleza.

Jumamosi, 22 Julai

Pap Onditi tangu asubuhi. Mama alikuwa anamenya njugu chini ya ukingo wa nyumba. Alitoa kitabu sandukuni, akaifungua leso mwenyewe, akanipa. Tumeanza mwanzo.

Nasoma mstari, natafsiri, nangoja. Yeye anamenya. Pengine anasema "mm". Pengine ananirekebisha. Kwenye kitabu mtoto anaachwa shuleni siku ya kwanza na halii. Mama akasema si kweli, Joram alilia mpaka mwalimu akampa uji, akatapika uji. Nikamwuliza kama niandike pembeni kwa kalamu.

"Mwache," akasema. "Alikuwa anaona haya."

Nikacheka. Na yeye akacheka, kisha akajifuta uso kwa mgongo wa mkono uliokuwa na maganda ya njugu.

Nilipofika ukurasa wa thelathini na moja aliniuliza kama nimechoka. Nikasema bado. Akaniomba nirudi pale mtoto anapojificha nyuma ya ghala akiitwa na haitiki.

Nikarudi hapo.